Hapa Toronto, Watoto Wetu Tunawalinda na Nani?



Leo naomba mniwie radhi, siasa za nyumbani nitaziweka pembeni kidogo. Sisi watu wa Toronto kwa kubishana hatujambo. Tunaweza kukaa kwenye nyumba moja Scarborough tangu sala ya Isha mpaka saa nane za usiku tukijadili tume ya uchaguzi, katiba na nani kamsaliti nani, chai inakwisha inapikwa nyengine. Na watoto wakati huo wako wapi? Wako chumba cha nyuma, mlango umefungwa ili wasitusumbue, wadogo wamechanganywa na wakubwa, na pengine yumo humo kijana au mtu mzima mmoja ambaye nusu yetu tunamjua kwa jina la "anko" tu. Hakuna anayenyanyuka kwenda kuchungulia. Hilo ndilo ninalotaka tulizungumze leo, na najua wako watakaochukia.

Kila mzazi hapa atakwambia kuwa mwanawe kashamfundisha kujilinda. Muulize kamfundisha nini. Atakujibu: usizungumze na mtu usiyemjua, usipokee peremende, usipande gari la mtu. Mafundisho hayo hayakuja bure. Waliokuwepo hapa mwaka 2003 wanaukumbuka mwaka ule. Mwezi wa Mei msichana wa miaka 10 alichukuliwa akiwa anatembea kwa miguu mtaani kwao, magharibi ya jiji. Mwezi wa Oktoba msichana mwengine, wa miaka 9, akachukuliwa usiku kutoka nyumbani kwao North York, wazazi wamelala. Wote wawili waliuawa. Jiji zima lilishikwa na khofu, na sisi pia tukashikwa. Tangu hapo mtoto hatumwachii kwenda dukani peke yake hata duka liwe chini ya jengo.

Sawa. Lakini hebu tutazame hesabu. Takwimu za polisi wa Kanada za mwaka 2012, zilizochapishwa na shirika la takwimu la nchi hii, zinaonesha kuwa katika kila watoto 100 walioripotiwa kufanyiwa makosa ya udhalilishaji, 88 walikuwa wanamjua aliyewafanyia. Jamaa wa nyumbani, rafiki wa familia, jirani, mwalimu, kocha. Mtu asiyejulikana kabisa alikuwa kwa watoto 12 tu. Kwa maneno mengine, tumeufunga mlango wa mbele kwa kufuli tatu, na mlango wa uani tumeuacha wazi na taa tumewawashia.

Na jiji hili lina somo lake kubwa juu ya jambo hili, ambalo wengi wetu tulilikuta limeshatokea na hatukulitilia maanani kwa sababu ni mambo ya hoki. Nazungumzia Maple Leaf Gardens, ule uwanja mkongwe wa hoki pale Carlton Street, ambao leo chini yake kuna duka kubwa la vyakula. Mwezi wa Februari 1997 mtu mmoja anayeitwa Martin Kruze alijitokeza hadharani akasema kuwa alipokuwa mtoto, miaka ya 1970, alidhalilishwa na wafanyakazi wa uwanja ule. Walimpataje? Kwa nguvu? Hapana! Walimpata kwa tiketi za bure. Mtoto anapenda hoki, anapewa tiketi, anaingizwa kwenye vyumba vya wachezaji, anaoneshwa mabingwa anaowaona kwenye televisheni. Wazazi nyumbani wanafurahi mtoto wao kapata marafiki wakubwa. Baada ya Kruze kusema, wakajitokeza wengine kwa makumi, watu wazima, wengine wana wake na watoto, waliokaa kimya miaka ishirini na zaidi. Mwezi wa Oktoba mwaka huohuo mmoja wa wahalifu, Gordon Stuckless, akahukumiwa miaka miwili kasoro siku moja. Siku chache baada ya hukumu hiyo Kruze akajiua. Mahkama ya rufaa ikaja ikaiongeza adhabu, lakini yeye alikuwa ameshazikwa.

Sasa itoe hoki, utie mpira, chuo cha Kur-ani, masomo ya ziada ya hesabu, au mgeni aliyefikia kwako kutoka nyumbani ambaye ni mkarimu sana kwa watoto. Njia ni ileile. Kwanza zawadi, kisha upendeleo, kisha siri ndogo isiyo na madhara ("usimwambie mama kama nimekununulia"), na mtoto akishazoea kuweka siri ndogo, kubwa inakuja juu yake. Anayetaka kumdhuru mtoto huanza na wazazi. Anataka wewe umwamini kabla ya mtoto.

Na sisi kumwamini mtu ni rahisi mno, khasa ugenini. Mtu akizungumza Kiswahili cha kwetu, akitaja mtaa tunaoujua na jina la marehemu babu yetu, kashakuwa ndugu. Siwalaumu watu kwa hilo. Mama anafanya kazi ya usiku kwenye nyumba ya wazee, baba anaendesha lori mpaka Michigan na kurudi, nyumba ina vyumba viwili na watu saba, kituo cha kulelea watoto kina bei yake na foleni yake. Akitokea mtu wa kwetu akasema "nitawaangalia mimi," utamwambia nini? Utamshukuru Mungu. Sisemi kila anayejitolea ana nia mbaya, Mungu apishe mbali. Wengi wao ndio waliotulelea watoto wetu wakawa watu. Ninachosema ni kuwa uaminifu wetu hauna mlango wa kutokea. Tukishamwamini mtu hatuna namna ya kumuuliza kitu bila ya kuonekana tumemvunjia heshima.

Hapo ndipo lilipo tatizo lenyewe. Mtoto wetu tumemfundisha kumuogopa asiyemjua, na papo hapo tumemfundisha kumtii kila anayemjua. "Kampe anko mkono." "Mkalie anko, anakupenda huyo." "Mbusu bwana, kakuletea zawadi." Mtoto anarudi nyuma, anajificha nyuma ya sketi ya mama, na sisi tunaona haya mbele ya mgeni, tunamsukuma mbele: "Wee, adabu iko wapi!" Mtoto yule amejifunza nini siku ile? Amejifunza kuwa mwili wake si neno lake, na kwamba mtu mzima akitaka kumshika, wazazi wake watakuwa upande wa mtu mzima. Shikamoo haina ubaya, ni katika mambo mazuri tuliyonayo. Lakini shikamoo ni ya mdomo. Mtoto anaweza kuamkia vizuri sana akiwa amesimama hatua mbili mbali.

Kisha kuna suala la maneno, na hili kwa wenzangu wa huku ni zito kuliko kwa walioko nyumbani. Mama mmoja wa hapa alinieleza kuwa mwanawe wa miaka sita alimjia akamwambia jambo kwa Kiingereza, kwa neno alilofundishwa skuli, la sehemu ya mwili. Mama neno lile halijui. Akadhani mtoto katukana. Alimnyamazisha, na ni siku tatu baadaye, binti yake mkubwa alipomfasiria, ndipo alipofahamu kuwa mtoto alikuwa anamshitakia mwenzake aliyemfanyia mchezo mbaya chooni. Safari hiyo ilikuwa utundu wa watoto. Lakini fikirini ingekuwa jengine. Mtoto hana neno la Kiswahili kwa sababu hatukumpa. Mama hana neno la Kiingereza kwa sababu hakuna aliyempa. Wanakaa nyumba moja na baina yao hamna daraja.

Na Kiswahili tulichonacho katika jambo hili, wallahi, kinatuumbua. Viungo vya siri tunaviita "huko", "kidude", "vitu vyako". Yale yenye majina tumeyafanya matusi. Na mtoto akidhulumiwa tunasema nini? Tunasema "kachezewa". Kachezewa! Kama kwamba ulikuwa mchezo, na kwenye mchezo mtoto naye huwa alikuwa anacheza. Au tunasema "kaharibiwa", kama sahani iliyopasuka, haina kazi tena. Neno la kwanza linampunguzia makosa aliyetenda, na la pili linamtia doa aliyetendewa. Nani atakwenda kumwambia mama yake kuwa yeye kaharibika?

Mnakumbuka fujo la 2015? Serikali ya Ontario wakati wa Kathleen Wynne ilitoa mtaala mpya wa elimu ya afya, na wazazi wengi wakatoka barabarani. Mwezi wa Mei mwaka ule pale Thorncliffe Park, jirani zetu, watoto wengi wa skuli ya msingi walizuiwa majumbani kwa mgomo. Watu wetu pia walishiriki, na walikuwa na hoja zao, nyengine nzito, juu ya nini kifundishwe darasa la ngapi na nani mwenye haki ya kuamua. Hizo sitazirudia. Lakini kilichowakera watu wengi zaidi kilikuwa kile cha darasa la kwanza, kuwa mtoto ajue majina sahihi ya viungo vyake, hivi vya siri vikiwemo. Skuli ya Thorncliffe ikabidi ifanye darasa la pembeni kwa watoto ambao wazazi wao hawakutaka majina yale yatajwe. Serikali ya Doug Ford ikaja 2018 ikaufuta mtaala, na 2019 ikaleta wake. Mkiusoma huo wa 2019, majina yale ya darasa la kwanza yamo vilevile! Makelele yote yale, na jambo lenyewe limebaki palepale, kwa sababu kila mtu anayeshughulika na kesi hizi, awe polisi, daktari au mwendesha mashtaka, anajua kuwa mtoto asiyekuwa na jina la kiungo hawezi kueleza kilichompata mbele ya mtu yeyote.

Wako watakaosema haya ni mambo ya kizungu. Si kweli, na wanaosema hivyo hawaijui Pwani yao. Mwambao mzima, tangu Lamu mpaka Kilwa na visiwani, mtoto wa kike alikuwa na somo wake au kungwi, na kazi ya mwanamke yule ilikuwa ni kumwambia waziwazi, tena kwa majina, yale ambayo mama mzazi hawezi kuyatamka mbele ya mwanawe. Wanaume walikuwa na jando lao. Wazee wetu walijua kuwa mzazi ana haya, kwa hivyo wakamweka mtu wa kazi hiyo. Sisi tumekuja Toronto, kungwi tumemwacha kule, na nafasi yake tumeiachia simu. Kasoro ya mpango wa zamani ilikuwa moja tu, ulikuja mtoto anapobaleghe, na madhara ninayoyazungumza hayangojei kubaleghe. Na kwa wale Waislamu wenzangu wanaodhani dini inataka kimya, naomba wafungue Surat an-Nur, aya ya 58, waone watoto ambao bado hawajabaleghe wanavyofundishwa nyakati tatu za kubisha hodi kwa sababu ya faragha ya mwili. Na mafundisho ya kuwatenganisha watoto malazi wafikapo miaka kumi tunayajua sote. Ni mafundisho ya mipaka ya mwili kwa mtoto mdogo, yamekuwepo karne kumi na nne, na nyumba zetu za vyumba viwili Flemingdon hazijatuondolea wajibu huo.

Basi mtoto afundishwe nini? Si mengi. Tangu ana miaka mitatu, minne, wakati wa kuoga, ajue majina ya viungo vyake, kwa lugha mtakayoichagua nyumbani, lakini lugha moja ambayo wazazi na mtoto wote wanaielewa. Ajue kuwa sehemu zile hazishikwi na mtu ila kwa kumsafisha akiwa mdogo au kwa daktari, na kwa daktari mzazi awepo. Ajue kuwa anaweza kumwambia mtu mzima "sitaki", hata akiwa ami yake, hata akiwa mwalimu wake wa chuo, na hatapigwa kwa hilo. Ajue kuwa nyumbani kwenu hakuna siri za watu wazima na watoto. Zawadi ya mshangao ya Idi ni sawa, kwa sababu ina siku ya kufunguliwa. Siri isiyo na siku ya kufunguliwa iletwe kwa mama. Na awe na majina ya watu watatu wa kuwaendea, angalau mmoja asiwe wa nyumba ile, kwa sababu pengine nyumba yenyewe ndiyo yenye tatizo. Akariri na namba ya Kids Help Phone, 1-800-668-6868, ambayo inajibiwa usiku na mchana.

Mazungumzo haya si ya mara moja. Yanataka kurudiwa kama tunavyorudia kumwambia avae glavu wakati wa baridi, kwa sauti ileile ya kawaida, si kwa kumkalisha kitako na kumtisha. Na bakora hapa inaharibu kila kitu. Mahkama kuu ya Kanada mwaka 2004 ilikataza kumpiga mtoto kwa chombo na kumpiga usoni au kichwani, hilo ni la sheria, lakini mimi nazungumzia jambo jengine: mtoto anayepigwa kwa kuvunja gilasi hatakuja kukwambia lililo kubwa kuliko gilasi.

Simu na tableti zinataka makala yake zenyewe. Niseme hili tu: aliyemtesa Amanda Todd, msichana wa British Columbia aliyejiua 2012 akiwa na miaka 15, alikuwa amekaa Uholanzi, na ilichukua miaka kumi mpaka akahukumiwa na mahkama ya Kanada, Oktoba 2022, kifungo cha miaka 13. Mlango wa chumba cha mtoto unaweza kuwa umefungwa na mtu akawemo ndani.

Nije sasa kwenye lililo gumu, nalo ni MUHALI. Wasomaji wa visiwani hawahitaji kuelezwa. Kwa wenzetu wengine: muhali ni ile hali ya kushindwa kumwambia mtu ukweli au kumchukulia hatua kwa sababu ya haya, udugu, ujirani, chumvi mliyokula pamoja. Ni tabia nzuri katika mambo mengi. Katika jambo hili ni sumu. Mtoto anasema. Mama anaamini, au anaamini nusu. Baba anaitwa. Wazee wawili watatu wanaitwa. Kinafanyika kikao, na kikao hicho, angalieni sana, kinaanza kwa swali la heshima ya familia mbili, mtoto hayumo. Mtuhumiwa anakana, au analia. Anaapishwa kwa Msahafu. Anaombwa ahame. Anahamia Edmonton au Ottawa, ambako anapokewa na jamaa wengine wasioambiwa kitu, nao wana watoto. Na mtoto aliyesema anaambiwa yamekwisha, asiyarudie tena. Arusi ikifika, anamuona mtu yule amekaa meza ya mbele.

Kikao cha namna hiyo hapa Ontario ni kuvunja sheria, na naona wengi hawajui. Sheria ya huduma za watoto, vijana na familia, iliyoanza kutumika Aprili 2018, kifungu cha 125, inamtaka KILA MTU mwenye sababu za msingi za kushuku kuwa mtoto wa chini ya miaka 16 amedhuriwa au yumo hatarini apige simu yeye mwenyewe, papo hapo, kwa shirika la ulinzi wa watoto, hili tunaloliita Children's Aid. Hatakiwi awe na ushahidi. Hatakiwi kufanya uchunguzi. Hawezi kumwachia mwenzake kazi hiyo, wala kusema "nilimwambia imamu." Imamu mwenyewe, padri, mwalimu na daktari wametajwa kwenye sheria ile, na wao wakinyamaza wanaweza kutozwa faini mpaka dola 5,000. Anayeripoti kwa nia safi analindwa asishitakiwe. Kwa hivyo wazee wetu wanaokaa vikao vile, kwa nia njema kabisa, wanajitia hatiani wao wenyewe na kumwacha mtoto mikononi mwa bahati.

Najua jibu litakalokuja: "Children's Aid watatunyang'anya watoto." Khofu hiyo siidharau hata kidogo, kwa sababu ina msingi. Mwishoni mwa 2014 gazeti la Toronto Star lilitoa hesabu kuwa watoto weusi walikuwa asilimia 41 ya waliokuwa chini ya uangalizi wa Children's Aid ya Toronto, ilhali ni kama asilimia 8 tu ya watoto wa jiji. Tume ya haki za binadamu ya Ontario nayo ikaja 2018 ikasema watoto weusi wanachukuliwa kupita kiasi. Na kuna ile kashfa ya Motherisk, maabara ya vipimo vya nywele ndani ya hospitali ya watoto ya jiji hili, ambayo vipimo vyake vilitumika dhidi ya wazazi mahkamani kwa miaka na kumbe havikuaminika. Tume iliyoongozwa na Jaji Judith Beaman ilieleza mwaka 2018 kuwa kesi 56 ziliathirika vibaya. Watu walipoteza watoto wao. Hayo yapiganiwe, kwa wanasheria, kwa wabunge, kwa magazeti, na sisi tulio hodari wa siasa za kilomita elfu kumi na mbili kutoka hapa tungekuwa tumeshajifunza siasa za mlangoni kwetu. Lakini kisa hiki hakilingani na kile cha mzazi aliyetajwa kwa sababu mtoto kavaa koti jepesi. Mzazi anayepiga simu mwenyewe na kumtoa mtuhumiwa nyumbani anaonekana ni mlinzi wa mwanawe. Anayeficha mpaka mwalimu akagundua, huyo ndiye atakayeulizwa alikuwa anamlinda nani.

Kuna khofu ya pili ambayo haisemwi kwa sauti: uhamiaji. Tangu 2013 mkaazi wa kudumu asiyekuwa raia akihukumiwa kifungo cha miezi sita au zaidi anaweza kuondoshwa nchini bila ya haki ya rufaa kwenye bodi ya uhamiaji. Familia inapiga hesabu: huyu akirudishwa, nani atamlipia mama dawa Unguja? Kodi ya nyumba je? Ni hesabu za kweli, na anayezicheka hajawahi kuwa maskini. Ila tazameni nani anatakiwa azilipe. Mtoto wa miaka minane anabebeshwa dawa za bibi yake, kodi ya nyumba na jina la ukoo, kwa kunyamaza kwake. Watu wazima kumi na tano tunaochanga kwa maziko na arusi tunaweza kuchanga kwa dawa za bibi.

Na likizo zinakuja kila mwaka. Julai na Agosti tunawapeleka nyumbani wakajue asili yao, jambo zuri. Lakini angalieni tunavyolegea tukishashuka uwanja wa ndege. Huku mtoto hatumwachii kuvuka barabara, kule tunampoteza kutwa nzima kwa sababu "kila mtu ni ndugu". Mtoto huyu Kiswahili chake ni cha kuombea maji, hamjui mtu, anaambiwa kila anayekutana naye ni ami au mjomba, na kila mtu anajua kuwa huyu ni wa Kanada na ataondoka baada ya wiki sita. Hebu fikirini, kama mtu anatafuta mtoto asiyeweza kusema, kuna mwepesi kuliko huyu? Utafiti wa kitaifa uliofanywa Tanzania 2009, matokeo yakatolewa 2011, uliwauliza vijana wenyewe: karibu wasichana 3 katika 10 na mvulana 1 katika 7 walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18. Wengi wao hawakumwambia mtu, wavulana khasa. Kwa upande wa Zanzibar kiwango cha wavulana kilikuwa kikubwa kuliko cha wasichana, na sisi mtoto wa kiume tunamwacha alale popote, "mwanamme huyo". Kule nako kuna njia sasa. Kuna kituo cha Mkono kwa Mkono Hospitali ya Mnazi Mmoja tangu 2011, pana polisi na daktari pahala pamoja, na Bara kuna namba 116. Na kwa anayedhani ya kule hayahesabiki huku, sheria ya Kanada inaweza kumshitaki raia au mkaazi wake kwa kosa alilomfanyia mtoto nje ya nchi.

Baadhi yenu mnaosoma haya mna miaka arubaini au hamsini na mnajua vizuri ninachozungumza, kwa sababu yaliwapata na hakuna aliyewauliza. Kanada haina muda wa mwisho wa kushitaki makosa mazito ya aina hii, na Ontario tangu 2016 imeondoa muda wa mwisho wa kudai fidia. Mkitaka kusema, mlango upo. Msipotaka, ni haki yenu.

Nina mambo mawili kwa jumuiya zetu, na sitaki yaingie kwenye "mengineyo". La kwanza, yeyote anayewafundisha au kuwalea watoto wetu, chuoni, mpirani, kwenye mafunzo ya Kiswahili ya Jumamosi, alete karatasi ya polisi ya wanaofanya kazi na watoto, kama timu na skuli za hapa zinavyodai. Tuanze na walimu tunaowapenda zaidi, ili asitokee wa kusema ameonewa. La pili, kwa kuwa karatasi ile inamuonesha aliyewahi kukamatwa tu, hakuna mtu mzima kukaa na mtoto mmoja nyuma ya mlango uliofungwa, na katika kila shughuli yetu watu wazima wawili wapewe zamu ya chumba cha watoto, kama tunavyowapa watu zamu ya jikoni. Mkutano mkuu ujao nitayaleta haya, na nitaomba yawekwe kabla ya hesabu za mfuko wa maziko, watu wakiwa bado hawajachoka na hawajaanza kutafuta viatu vyao.